Barua kwa mwanangu: majibu ya kinyama cha titi

Mwanangu mpendwa,

Nimepokea picha ya majibu yako na swali lililoambatana nayo: ikiwa kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kilichotolewa kwa sindano, kimeonyesha kwamba uvimbe wa titi lako la kushoto ni fibroadenoma na si saratani, kwa nini daktari amekutaka urudi baada ya miezi sita kupigwa tena ultrasaundi, na je, huenda anakuficha jambo? Kwa kuwa nilifanya kazi katika maabara ya patholojia hadi nikastaafu, utanisamehe nikijibu kwa urefu.

Hakufichi. Fibroadenoma hutokana na tezi za titi na nyama inayozishikilia, na huwapata zaidi wanawake wa kati ya miaka 15 na 35. Una mipaka yake na haujashikamana na nyama za jirani, ndiyo maana ukiubonyeza uvimbe wako huteleza chini ya kidole. Homoni huuchochea, hivyo waweza kukua wakati wa ujauzito na kusinyaa hedhi ikishakoma, lakini ule wa kawaida kama wako hauongezi hatari ya saratani kwa kiasi cha kukunyima usingizi.

Umelalamika kwamba majibu yalichelewa. Vijinyama ulivyotolewa, vyembamba kama vijiti vya kuchokolea meno, hufika maabara ndani ya chupa ya fomalini, dawa inayozuia nyama isioze, na kabla ya kugusa chochote tulikuwa tunasoma kibandiko: jina, upande wa titi, na mahali uvimbe ulipo kwa kufuata uso wa saa. (Kwako imeandikwa saa 2; ni tarakimu 2 ya kwenye saa ya ukutani, yaani juu kuelekea kwapani, wala si saa mbili asubuhi.) Kinyama kikishakolea fomalini huondolewa maji kwa spiriti, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyenye unene wa maikromita 4 hivi (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kisha hutiwa rangi ya zambarau na ya waridi ili seli zionekane kwenye hadubini. Kazi hiyo ikiharakishwa huharibika.

Sasa lile la miezi sita. Mpatholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwenye hadubini, huona kile tu kilicholetwa na sindano, kwa hiyo daktari makini hulinganisha mambo matatu: alichokigusa kwa mkono, kilichoonekana kwenye picha, na kilichosomwa kwenye kinyama. Picha ingekuwa ya kutia shaka huku kinyama kikisema salama, ungerudiwa kipimo mara moja. Kwako yote matatu yanakubaliana. Kinachobaki ni kwamba upo uvimbe mwingine, ambao hutokea kwa nadra, uitwao filodi, unaoweza kufanana na fibroadenoma katika kinyama kidogo lakini hujifichua kwa kukua haraka. Uvimbe wako una sentimita 1.8, ukibaki hivyo, hakuna haja ya kisu, ila ukikua haraka au ukipita sentimita 3, mara nyingi madaktari hushauri utolewe.

Yale mabadiliko ya nyuzi na vifuko vya maji yaliyotajwa chini ya ripoti ni ya kawaida, nayo huenda yakawa chanzo cha maumivu yako ya kabla ya hedhi. Neno ambalo lingenishtua ni atipia, maana seli za mirija zikizidi kuongezeka huku zimebadilika umbo, hatari ya saratani siku za usoni hufika takriban mara nne ya kawaida, na ufuatiliaji huwa wa karibu zaidi. Ripoti yako imeandika wazi kwamba haipo.

Kuhusu shangazi yako, anayesema sindano huchokoza uvimbe ukageuka saratani, mheshimu lakini usimfuate. Maneno hayo huzaliwa pale mgonjwa anapofika hospitali amechelewa, akapimwa, akafariki, na lawama ikabandikwa kipimo badala ya ugonjwa uliokuwapo tangu awali. Yamewafanya wengi wabaki nyumbani bila kupimwa.

Usisubiri miezi sita ukiona uvimbe unakua, ngozi ya titi inabonyea, chuchu inatoa damu au kuingia ndani, au kuna uvimbe kwapani. Vinginevyo, omba nakala ya ripoti na picha za ultrasaundi, uzihifadhi, na uende nazo siku ya kurudi ili vipimo vya sentimita vilinganishwe. Nitumie tarehe mara tu utakapopangiwa, nami nitakuja tuende pamoja.

Wako akupendaye,
Mama