Mwambie mpiga kura wake anauliza

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kwa nini wahamiaji wengi hawapigi kura hata wakishapata uraia? Je, hawaipendi nchi yao mpya?"

Naanza na hilo la pili, maana limeniuma. Mapenzi yapo. Nimewaona watu wazima wakila kiapo cha uraia midomo ikiwatetemeka, wakatoka wamekumbatia cheti kama mtoto mchanga. Hao hao, siku ya uchaguzi, hawatoki nyumbani. Wanaogopa karatasi.

Mhamiaji ameishi miaka na hofu hiyo. Akikosea mstari mmoja kwenye fomu, kibali kinachelewa. Tarehe ikipishana na ya pasipoti, anaitwa ajieleze. Mtu wa namna hiyo akipata barua ya kujiandikisha kupiga kura, anaisukumia chini ya mto na kuomba Mungu isifuatwe na nyingine. Wala si mjinga. Marekani, asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa kitaifa ametenda jinai, na anaweza kufukuzwa nchini. Kwingine sheria ni tofauti: New Zealand, tangu 1975, mkaazi wa kudumu anachagua hata wabunge bila kuwa raia. Sweden waliwafungulia wageni uchaguzi wa halmashauri mwaka 1976. Na Uingereza, Mkenya au Mtanzania anayeishi huko kihalali anaruhusiwa kupiga kura, ya bunge pia, kwa sababu nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Nimekutana na waliolijua hili baada ya chaguzi mbili tatu kuwapita. Nani angewaambia?

Halafu kuna lugha. Tangu 1975, sheria ya Marekani inayataka baadhi ya maeneo kuchapisha karatasi za kura kwa lugha za wasiomudu Kiingereza, lakini inazitambua jamii za asili ya Kihispania, za Kiasia, na wenyeji asilia, wakiwemo wa Alaska. Msomali hayumo, Mswahili hayumo. Afadhali kifungu kilichoongezwa 1982, kinachomruhusu asiyeweza kusoma au kuandika kusaidiwa na mtu anayemtaka mwenyewe, mradi asiwe mwajiri wake wala mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Mimi kifungu hicho nakipenda kuliko hotuba zote za umoja.

Nakipenda kwa sababu ya jirani yetu mmoja, mama mtu mzima. Lugha yake na yangu ni mbali, tunaelewana kwa maneno ya kuungaunga. Wiki moja kabla ya uchaguzi tulikaa sebuleni kwake, majirani wa lugha nne, nikachora karatasi ya kura nyuma ya kalenda kuukuu, na kila mmoja akajaribu kuweka alama. Sikumwambia mtu amchague nani. Inanichukiza sana wagombea wanapomalizana na wazee wa kila jamii, kisha wanawake na vijana wakaletewa jina tu, "huyu ndiye wetu".

Siku yenyewe sheria iliniruhusu kuingia naye kituturini. Kalamu ilisimama juu ya karatasi, mkono haushuki.

"Mwanangu, nikikosea?"

"Mama, tutaomba karatasi nyingine."

Aligeuka akanitazama, kana kwamba katika maisha yake yote ya fomu hakuna aliyewahi kumpa jibu hilo. Akaweka alama. Akaikunja karatasi, akaipigapiga kwa kiganja, akaenda kuitumbukiza mwenyewe. Hapo hakutaka nimsaidie.

Taa ya mbele ya jengo letu ilikuwa imezimika miezi mingi. Tulizoea, tukatembea na tochi. Siku chache baada ya uchaguzi alinigongea mlango, ameandika namba ya ofisi ya diwani kwenye kipande cha ile kalenda, akataka nimpigie simu pale pale.

"Mwambie mpiga kura wake anauliza," alisema, akavuta kiti akakaa kusubiri jibu.