Bima ya jenereta nayo ivuke maji

Mwaka wangu wa pili wa kukodisha jenereta, nilipata kazi kisiwani Pate, huko Lamu, Kenya: mkandarasi anajenga madarasa, anataka umeme wa kuchomelea vyuma na kuchanganya zege. Tukapakia jenereta ya kVA 20 kwenye mashua pale Mokowe, bara. Pate mjini chombo hakifiki ila maji yakijaa, nasi tulichelewa, basi tukashushia Mtangawanda, gati jingine la kisiwa hicho. Vijana wanane, mbao mbili, kamba. Ubao mmoja ukateleza. Jenereta ikalala ubavu majini, dizeli ikatanda kuelekea mikokoni, na kijana mmoja akabaki ameshika mguu, analia.

Bima nilikuwa nayo, nimeilipia yote. Lakini mkataba ulitaja mitambo "iliyopo kwenye yadi, Mokowe". Dai likakataliwa. Hapo ndipo nilipousoma kwa mara ya kwanza, na maneno yalikuwa wazi kabisa.

Ndugu zangu, anzeni na mahali. Wakala aandike kila kisiwa ambako mtambo utafanya kazi, na safari yenyewe, na kupakia, na kushusha. Hayo mawili ya mwisho yadai kwa jina, maana mtambo huumia zaidi gatini kuliko kwenye mkondo.

Tena bima ya mtambo haimlipi mtu. Sheria ya fidia kwa majeraha kazini, ile WIBA ya 2007, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi wake bima. Mtu akipata ulemavu wa kudumu kabisa, fidia ni mapato ya miezi 96. Nani kati yetu ana hizo mfukoni? Mweleze wakala kwamba unachukua vibarua wa siku. Mimi yule kijana nilimtibu kwa pesa za karo ya wanangu, na bado naona hazikumtosha.

Kuna pia mali ya mteja. Umeme ukipanda ghafla ukaunguza kompyuta au friji ya dawa, utaulizwa wewe. Uliza kama bima yako ya dhima, ile ya kulipia hasara unayowasababishia wengine, inabeba hilo, na dizeli ikimwagika je? Kutu ya chumvi usiidai, hiyo si ajali. Weka daftari la sevisi.

Siku hizi nampigia wakala nikiwa gatini, namtajia kisiwa, tarehe na chombo. Barua yake ya kuthibitisha bima isipoingia kwenye simu, kamba haifunguliwi.