Kuoanisha amplifaya ya besi na boksi la spika: tuanze na omu, wati tuzifikie baadaye

Ndugu, umeuliza kama amplifaya yako ya besi, iliyoandikwa nyuma wati 500 kwa omu 4, inaweza kuendesha boksi ulilolikuta likiuzwa na mtu, lenye spika moja ya inchi 15, omu 8, wati 300. Umeongeza kwamba muuzaji mmoja wa vifaa amekukataza, akisema wati 500 zitaiunguza spika ya wati 300 siku hiyo hiyo. Nimepiga gitaa la besi kwa miaka 19, kwanza kanisani, kisha katika bendi ya dansi hapa Dar es Salaam, na baadhi ya haya nitakayoyaeleza niliyajua baada ya kulipia spika iliyokufa. Jibu langu ni kwamba boksi hilo unaweza kulinunua. Hata hivyo sababu ya kukuruhusu haimo kwenye zile wati zilizowashughulisha wewe na muuzaji wako, na ningependa uielewe vizuri, kwa sababu utaihitaji tena siku utakapotaka kuongeza boksi la pili.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani kiasi ambacho spika inauzuia umeme unaotoka kwenye amplifaya. Omu zikiwa nyingi, umeme unaopita ni mdogo na amplifaya inafanya kazi kwa raha. Omu zikipungua, umeme unaongezeka, wati zinaongezeka, na joto nalo linaongezeka. Kwa hiyo maandishi ya nyuma ya amplifaya yako hayasemi kwamba inatoa wati 500 wakati wote kwa boksi lolote. Yanasema kwamba omu 4 ndicho kima cha chini inachokivumilia, na kwamba ikifikishwa hapo ndipo inapoweza kutoa wati 500. Ukiifungia boksi la omu 8, amplifaya nyingi za transista (vipande vidogo vya kielektroniki vinavyokuza umeme wa sauti) za ukubwa huo zitatoa kati ya wati 250 na 350 hivi. Mfano unaojulikana na wapigaji wengi ni amplifaya ya besi ya Fender Rumble 500: kwa spika zake za ndani peke yake inatoa wati 350, na zile 500 za kwenye jina lake zinapatikana tu ukiongeza boksi la nje. Kwa hesabu hiyo, hofu ya muuzaji wako inakosa msingi kabla hata hatujaanza kubishana, kwa kuwa boksi lako la wati 300 halitakutana na wati 500 hata siku moja.

Hatari iko upande wa pili, wa kushuka chini ya kima. Amplifaya nyingi zina matundu mawili ya spika nyuma, na karibu zote zimeyaunganisha kwa njia ya sambamba, yaani kila boksi linapata njia yake ya umeme, hivyo kila boksi unaloongeza linapunguza omu badala ya kuziongeza. Maboksi mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. Ukichanganya la 8 na la 4 unapata omu 2.67, na zaidi ya hapo lile la omu 4 linakula wati mara mbili ya mwenzake, jambo ambalo ni baya ikiwa ndilo dhaifu. Kuwa na tundu la pili si idhini ya kulitumia kwa boksi lolote.

Hili lilinikuta kwenye harusi moja Morogoro. Nilikuwa na boksi la spika nne za inchi 10, omu 4, na amplifaya iliyokuwa na kima cha omu 4 kama yako. Ukumbi ulikuwa wa wazi, nikaona sauti haitafika nyuma, nikaazima boksi la mwenzangu lililofanana na langu na kuliunganisha. Nyimbo mbili za mwanzo, za rumba ya polepole, zilikwenda vizuri na nikajipongeza moyoni. Tulipoingia kwenye sebene ya wimbo wa tatu, pale besi inapotakiwa kusukuma bila kupumzika, taa nyekundu ikawaka na amplifaya ikanyamaza. Nikasubiri dakika kama tano, ikarudi, nikapiga mizunguko michache, ikakata tena. Nilipoweka kiganja juu ya bati lake sikuweza kukiacha pale. Nilichomoa boksi la kuazima na kumaliza usiku mzima kwa lile moja. Amplifaya ile ilikuwa na mfumo wa kujikinga, na ndiyo sababu ilikuwa hai kesho yake. Amplifaya ya zamani isiyo na kinga hiyo ingeunguza transista zake za mwisho, na wakati mwingine transista hizo zikifa zinapeleka umeme wa DC, kama wa betri, kwenye spika na kuiua pia.

Kama siku moja utakutana na amplifaya ya vali, ile ya zamani inayotumia taa za kioo badala ya transista, sahau sehemu ya niliyoyasema. Zile zina transfoma ya kutolea sauti, na transfoma hiyo inataka omu za boksi zilingane na omu ulizochagua kwenye swichi ya nyuma. Zaidi ya yote, amplifaya ya vali usiipige kamwe bila boksi kuunganishwa, kwa sababu transfoma inaweza kufa. Ya transista haidhuriki kwa kukosa boksi.

Sasa turudi kwenye wati, kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopotezwa. Wati zinazoandikwa kwenye boksi zinaeleza joto ambalo koili ya spika, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi yake, inaweza kulivumilia. Hazielezi karatasi ya spika inaweza kwenda mbele na nyuma umbali gani kabla ya kuumia, na kwenye besi hicho ndicho kinachotangulia kuleta msiba. Waya mnene wa besi ya nyaya nne, ukiupiga wazi, unatoa hezi 41, yaani mitikisiko 41 kwa sekunde. Waya wa tano wa chini unatoa hezi 31. Kadiri noti inavyoshuka ndivyo karatasi inavyolazimika kusafiri mbali zaidi ili kutoa sauti ile ile. Boksi lenye tundu la hewa nalo lina masafa yake lililopangiwa, na chini ya hapo hewa iliyomo ndani haiishiki tena spika, nayo inatikisika bila kuzuiliwa.

Kanisani kwetu tulikuwa na boksi la inchi 15 lililoandikwa wati 300, na amplifaya isiyozidi wati 200. Kwa hesabu ya dukani tulikuwa salama kabisa. Nilipopata besi ya nyaya tano nilipenda uzito wa ule waya wa chini, nikazungusha kitufe cha besi hadi mwisho, na sikujua kwamba kupandisha desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) katika sehemu moja ya sauti ni sawa na kudai wati mara kumi katika sehemu hiyo. Kwa Jumapili kadhaa spika ilikuwa inatoa mlio wa kutwanga kila nikigusa noti za chini, mfano wa mtu anayepiga debe tupu kwa ngumi, nami nikaudhani kuwa ndio ukali wa besi. Kisha siku moja katikati ya ibada ikaja harufu ya vanishi inayoungua, na sauti ikawa ya kukwaruza. Fundi alipoitoa spika aliniambia niweke vidole vya mikono miwili pembezoni mwa karatasi na kuisukuma taratibu. Nilisikia koili ikisugua sumaku kama msasa kwenye ubao. Ilikuwa imetoka katika njia yake kwa kurushwa mbali mno, ikapinda, ikaanza kuungua. Spika ya wati 300 iliuawa na amplifaya ya wati 200, na mkono ulioiua ulikuwa wangu.

Ndiyo maana nasema amplifaya yenye wati nyingi kuliko boksi si kosa, mradi mpigaji anasikiliza. Spika inayozidiwa hutoa taarifa: mlio wa kutwanga, sauti kupasuka, noti za chini kukosa umbo. Ukisikia hayo, punguza besi kwanza, halafu sauti kwa jumla. Ikiwa amplifaya yako ina kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa, kiwashe na ukiweke kwenye hezi 30 hadi 40. Hutapoteza muziki wowote wa maana, na spika yako itaishi. Angalia pia ni wati za namna gani zilizoandikwa: zinazokuhusu ni zile za kudumu, zinazotajwa kwa herufi RMS. Maboksi mengi yanayouzwa mitaani yana namba kubwa za PMPO ambazo hazina uhusiano wowote na kazi halisi, na ukiona boksi jepesi limeandikwa wati 2000 usiifanyie hesabu namba hiyo.

Kuhusu kusikika, jambo lililonichukua muda mrefu kulikubali ni kwamba sauti kubwa inatoka zaidi kwenye boksi kuliko kwenye amplifaya. Kuongeza wati mara mbili, kutoka 250 hadi 500, kunakupa desibeli 3 tu, tofauti inayosikika lakini isiyomfanya mtu ageuke. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Kwa upande mwingine, boksi lenye usikivu, yaani sauti linayotoa kwa nguvu ile ile, wa desibeli 100 kwa wati moja kwa mita moja litalishinda la desibeli 97 kana kwamba umenunua amplifaya yenye nguvu mara mbili. Kwa hiyo unapolinganisha maboksi mawili, tafuta namba hiyo ya usikivu kabla ya wati, ukikumbuka kwamba watengenezaji wengine huipamba.

Hapa ndipo omu 8 za boksi lako zinapokuwa baraka. Ukianza na moja la omu 8, baadaye ukaongeza jingine la aina ile ile, amplifaya yako itafika kwenye kima chake cha omu 4 na kutoa wati zake zote, na wakati huo huo eneo la karatasi zinazosukuma hewa litakuwa limeongezeka mara mbili. Ukijumlisha mambo hayo mawili unakaribia desibeli 6, na kila spika inabaki na mzigo ule ule iliokuwa nao mwanzo. Angekuwa mdogo wangu wa damu aliyeniuliza, ningemshauri hivyo hivyo: boksi moja la omu 8 sasa, na pacha wake fedha ikipatikana.

Nasisitiza neno pacha kwa sababu wengi wetu tumezoea kuweka boksi la inchi 15 kwa ajili ya uzito na la inchi 10 kwa ajili ya ukali. Mchanganyiko huo wakati mwingine unapendeza, lakini maboksi mawili ya miundo tofauti hayasukumi hewa kwa pamoja katika masafa yote, na kuna noti zitakazofifia ukisimama mahali fulani bila wewe kujua kwa nini. Tena inchi peke yake haziamui kina cha besi. Ukubwa wa boksi na namna lilivyojengwa vina usemi mkubwa zaidi. Amplifaya ya besi ya Ampeg SVT ilipotoka mwaka 1969 ikiwa na wati 300 za vali, maboksi yake yalikuwa ya spika nane za inchi 10 yasiyo na tundu la hewa, na mpaka leo hakuna anayelalamika kwamba muundo ule una sauti nyembamba.

Waya nao usiudharau. Waya wa gitaa una uzi mwembamba katikati na kinga inayouzunguka. Ukiutumia kati ya amplifaya na boksi utapata joto na kula sehemu ya nguvu yako. Nunua waya wa spika wa nyuzi mbili nene, wa milimita za mraba 2.5 ikiwezekana, na kama pande zote mbili zina tundu la Speakon, aina ya kiungo cha waya wa spika, tumia hilo, kwa kuwa hujifunga na halichomoki mtu akijikwaa.

Kabla ya kutoa fedha, nenda kwa mwenye boksi na multimita, kile kifaa cha mafundi cha kupimia umeme. Iweke kwenye omu, gusa ncha mbili za tundu la boksi. Boksi la omu 8 kwa kawaida litasoma kati ya 5.5 na 7, kwa sababu multimita inapima ukinzani wa waya wa koili tu, ambao daima ni mdogo kuliko namba iliyoandikwa. Isiposoma chochote, koili au kiungo cha ndani kimekatika. Sukuma karatasi kwa vidole kama nilivyoeleza, taratibu na kwa usawa, ukiwa umeinamisha sikio. Kisha mwombe afungue skurubu ili uone mgongo wa spika, kwani maboksi mengi ya mtumba yamekwisha kubadilishiwa spika, na si ajabu kukuta ndani yake spika ya besi ya gari, ambayo mara nyingi ni ya omu 4, huku kibandiko cha nje kikiendelea kudai 8. Multimita yako ikisoma 3.5 badala ya 6, amplifaya yako bado italiendesha boksi hilo likiwa peke yake, lakini hutaweza kuliongezea la pili; mwambie ashushe bei kwa kiasi hicho, au liache.