Mhudumu Aliyebadilika Tabia

SWALI: Ninasimamia wahudumu katika hoteli moja hapa Malindi. Mmoja wao, tangu arejee kutoka likizo ya uzazi, huchelewa zamu ya alfajiri, huwajibu wageni kwa mkato, na juzi alikutwa ghalani akinong'ona kwenye simu ilhali meza za kiamsha kinywa hazijaandaliwa. Je, nimwandikie barua ya onyo?

JIBU: Ndugu msimamizi, barua isubiri. Watafiti wa Marekani, Greenhaus na Beutell, walieleza mwaka 1985 kwamba mvutano wa kazi na familia hutokana na muda, na msongo, na mwenendo, yaani tabia ifaayo kazini isipofaa nyumbani. Kwa huyu mama naona mambo mawili ya kwanza, kwa kuwa anayenyonyesha usiku kucha, kisha akamwacha mtoto kwa jirani kabla ya adhana ya alfajiri, hufika kazini mwili ukiwa mezani na moyo ukiwa nyumbani. Ukali wake kwa wageni, ambao kwa kweli hauvumiliki hotelini, nauhesabu kuwa dalili ya uchovu.

Tena Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kutoa mapumziko ya shughuli hiyo, yasiyozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Je, hapo kwenu papo? Mwite faragha, umuulize mtoto hubaki na nani, kisha umjaribu zamu ya mchana kwa mwezi mmoja. Akiendelea hata baada ya hapo, mwandikie.