Moyo umebaki Mombasa

SWALI: Nilikwenda Mombasa peke yangu siku nne. Tangu nirudi Ngamiani, moyo haujatulia. Nihamie? – Msomaji, Tanga

JIBU: Bado, dada. Rudi kwanza mwezi Mei, masika yamekolea, uone kama Mji wa Kale unakupendeza hata vichochoro vikitiririka maji. Panga chumba wiki mbili, upike mwenyewe, uvuke kwa feri ya Likoni asubuhi na wanaowahi kazini (mwenda kwa miguu halipi, ila msongamano!). Fort Jesus ya 1593 iache, hiyo ni ya wageni. Mpakani Horohoro hakikisha pasi imegongwa mhuri wa Tanzania na wa Kenya. Anayepita bila mhuri hukwama akirudi. Na mhuri wa Kenya ni wa kutembea tu: ukitaka kazi, tafuta kibali kabla hujafunga mizigo.