Barua kwa mwanangu: dola iliyo mikononi mwa nani?

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza inakuwaje wajamaa wanataka viwanda, reli na benki vishikwe na dola, kisha hao hao wanasema siku moja dola itatoweka. Swali hilo nimelala nalo siku mbili.

Kwa Marx na Engels, wanafikra wa ujamaa wa Kijerumani wa karne ya 19, dola haikuwa refa kati ya tajiri na maskini. Ilikuwa chombo cha tabaka tawala: jeshi, mahakama na jela za kulinda mali ya wenye mali. Wafanyakazi wakiishika, wataihitaji kwa muda tu ili mabepari wasirudi. Matabaka yakiisha, itanyauka yenyewe, kama alivyosema Engels. Bakunin, Mrusi aliyepinga dola ya aina yoyote, alikataa katakata. Aliona kwamba mfanyakazi akishakalia kiti cha utawala, ataanza kuwatazama wenzake kutoka juu. Mwaka 1872 kina Marx wakamfukuza katika Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, lakini kumfukuza hakukuijibu hoja yake.

Nikitafuta jibu, narudi Paris ya 1871. Komyuni, serikali ambayo watu wa mji huo waliiunda wenyewe, ilidumu siku 72 tu, ikazamishwa katika damu. Lakini tazama ilivyojipanga: wajumbe walichaguliwa, na waliowachagua waliweza kuwaondoa, mshahara wa mtumishi wa umma ulikomea faranga 6,000 kwa mwaka, jeshi la kudumu likafutwa, ulinzi wakaachiwa raia wenye silaha. Mwanangu, hapo ndipo nilipoelewa kwamba kunyauka kwa dola huanzia kwenye uwezo wa watu wa kawaida kumshusha aliye juu.

Lenin aliyasifu hayo yote mwaka 1917, kabla hajashika madaraka Urusi. Machi 1921 mabaharia wa Kronstadt, ngome ya majini ya Urusi, wakadai mabaraza ya wafanyakazi (soviet) yachaguliwe upya kwa kura ya siri. Serikali ya Lenin ikawajibu kwa mizinga. Najua nchi ilikuwa imetoka vitani na njaa ilikuwa kali. Bado siwezi kulitetea jambo hilo. Rosa Luxemburg, mwanamapinduzi mjamaa, alikuwa ameshaonya mwaka 1918, akiwa gerezani Ujerumani, kwamba uhuru wa wafuasi wa serikali peke yao si uhuru.

Wajamaa wengine, kina Bernstein wa Ujerumani, walichagua sanduku la kura na mageuzi ya polepole. Njia hiyo siidharau hata kidogo: tangu 1948 mgonjwa Uingereza hutibiwa hospitalini bila kulipa. Ila kumbuka migodi ya makaa ya mawe ya huko huko, ilipochukuliwa na dola. Tarehe 1 Januari 1947 yalitundikwa mabango kwamba sasa inaendeshwa kwa niaba ya watu, na wachimbaji wakashangilia. Kisha wengi wao wakashuka shimoni chini ya mameneja wale wale.

“Kwa niaba.” Neno hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ukiniandikia tena, niambie: ungekuwa mchimbaji, ungemwondoaje meneja wa mgodi unaoitwa wako?

Mama yako