Mtoto wa mkimbizi kuwa profesa wa kemia? Yupo
Dogo wa Kasulu, umeuliza kama mtoto aliyezaliwa kambini Nyarugusu anaweza kuwa profesa wa kemia, au ni maneno ya walimu tu. Msome mwanakemia Omar Yaghi. Kazaliwa Amman, Jordan, 1965, kwa wakimbizi wa Kipalestina; familia nzima chumba kimoja, mifugo humo humo. Akiwa na miaka 15, kwa msukumo wa baba yake, akahamia Marekani. Hakuanzia Harvard: alianzia chuo kidogo huko Troy, New York, huku akipiga deki na kufungasha bidhaa za wateja dukani. Udaktari (PhD) akaupata Chuo Kikuu cha Illinois 1990. Leo yuko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na 2025 kapata Nobel ya kemia pamoja na wanakemia wenzake Kitagawa na Robson.

Utamu uko kwenye kazi yenyewe. Anaunganisha metali na molekuli za kaboni kupata fuwele zenye vitundu vidogo mno. Gramu moja ya MOF-5, mojawapo ya fuwele hizo, ina eneo la ndani la karibu mita za mraba 3,000! Nyingine hunasa mvuke wa hewa ya jangwani usiku, zikipata joto la jua zinatoa maji. Wewe unayepanga foleni ya madumu utamwelewa haraka kuliko mimi. Ila tusidanganyane, yeye alipata mlango wa kutoka. Kwenu hata kibali cha kutoka kambini ni shughuli.